Digrii ya fizikia ninayo, viwandani naingilia wapi?

Msaka_kazi:
Wadau naombeni mawazo. Nimemaliza digrii ya fizikia, ualimu sio wito wangu na masters siiwezi kwa sasa, nataka kiwandani au kampuni yoyote ya ufundi. Kila tangazo nikifungua ni injinia, injinia, neno fizikia halipo kabisa. Nyie mliopata mliingilia mlango gani? Naanza kukata tamaa jamani

Mpima_joto:
Pole sana mkuu. Hilo neno usilitafute, hizi kazi zina majina mengine. Mi niko maabara ya kukalibrisha vipimo, yaani kuhakiki kama vinasoma sawa, sensa za joto, geji za presha na kadhalika. Kwenye intavyuu niliwekewa mezani sensa ya Pt100 (ya joto, ukinzani wake unapanda joto likipanda) na mita ya omu, nikaulizwa nzima au mbovu? Nikaitumbukiza kwenye barafu inayoyeyuka, pale inatakiwa omu 100, yenyewe ikasoma 100.4, nikasema imezidisha kama nyuzi 1 hivi ila kabla hatujailaumu tupime tena kwa nyaya 4 maana huenda ni ukinzani wa waya tu. Waliniambia baadaye hiyo "kabla hatujailaumu" ndo iliyonipa kazi. Tafuta matangazo yanayotaja ISO/IEC 17025, ni kiwango cha maabara za kupima na kukalibrisha, na zile hesabu za makosa ya kipimo tulizokuwa tunazichukia chuoni zirudie zote

Nuru88:
Neno fizikia lipo kwenye tiba ya mionzi hospitali, ila kule sehemu nyingi wanadai masters na mafunzo ya usimamizi juu yake, kwa hiyo kwako bado. Angalia ukaguzi wa weldi kwa mawimbi ya sauti, unasomea cheti na fizikia yake unaijua tayari. Projekti yako ya mwisho ilihusu nini?

Msaka_kazi:
Filamu nyembamba, yaani kupaka tabaka jembamba sana la kitu juu ya kingine ndani ya vakyumu. Ila matokeo machache, muda mwingi ulienda kwenye pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa, presha ilikuwa haishuki. Nikawa napaka spiriti kidogo kidogo kwenye kila ungio huku nimekodolea macho geji mpaka sindano ikaruka, spiriti imeingia panapovuja, kumbe oringi (mpira wa kuzibia ungio) imechanika

Mpima_joto:
Na kwenye CV umeandika hayo??

Msaka_kazi:
Hapana, nimeandika tu jina la projekti

Mpima_joto:
Mkuu wanaotengeneza chipu na wanaopaka lenzi wanaishi na vakyumu kila siku, ikivuja kazi inasimama. Iweke juu kabisa leo hii, pampu aina gani, presha ilianzia ngapi ikaishia ngapi, na hiyo oringi usiiache