Tupeane uzoefu: nyumba imejaa vitu, wewe ulianzia wapi?

Mama wa Section 58, Nakuru

Wadau, hamjambo. Leo tuongee kuhusu vitu vinavyotujazia nyumba hadi mtu akiingia sebuleni anachoka kabla hajakaa. Wengi wetu hujitosa Jumamosi, tunatoa kila kitu nje, jioni inaingia, watoto wanataka kulala na kitanda kimefunikwa na nguo. Basi vyote vinarudi vilikokuwa.

Mimi naona kufagia na kupanga si tatizo. Kinachochosha ni kuamua kila kitu kiende wapi, na maamuzi yakizidi kichwa kinagoma. Siku hizi sifungui kabati kabla sijajua nani atachukua vitakavyotoka: jirani, fundi, kanisa au gari la taka. Nikishajua, mkono unakuwa mwepesi. Nyinyi je, mlianzia wapi, na vitu vilienda wapi?

Migosi, Kisumu

Anzia jikoni, dada, huko hakuna machozi. Mimi nilianza na rafu moja tu, ile ya mikebe ya plastiki. Nilimwaga yote sakafuni pamoja na vifuniko, kila mkebe nikautafutia kifuniko chake. Uliokosa mwenzake, nje. Vifuniko visivyo na mkebe peke yavyo vilijaza karai. Kazi hiyo niliifanya maharagwe yakichemka, na yalipoiva nikaacha hapo hapo. Siku iliyofuata, droo ya vijiko.

Vilivyonisumbua ni vyombo vya chama chetu cha kuchangiana kwa zamu. Kila mzunguko tulikuwa tunanunuliana seti za vikombe na hotipoti, na zawadi mtu anaona haya kuitoa. Nikawaomba wenzangu tubadilishe. Sasa anayefikiwa anasema mwenyewe anachotaka, na wengi wanataka unga au karo. Zile sahani nzuri zilizokuwa zinasubiri wageni sasa tunazitumia sisi wenyewe. Zilizoondoka ni zile za kila siku zenye nyufa. Vyombo vizima vya ziada alichukua mama mmoja anayetandaza soko la Kibuye Jumapili, siku soko linapofurika. Pesa hazikuwa nyingi, lakini alivifuata mpaka mlangoni.

Mwalimu, Kakamega

Kwangu ni vitabu na karatasi. KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023, kwa hivyo vitabu vya kiada vya shule ya msingi vya 8-4-4, mtaala wa zamani, havina mtoto wa kuvisoma tena darasani, na bado tunavifungia sandukuni kwa heshima. Nilibakiza kamusi na vitabu vya hadithi. Vya sekondari msiviharakishe, kwani darasa la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2027, na huenda jirani ana mtoto humo.

Madaftari yaliyojaa, wauza njugu hapa mjini huyachukua kufungia. Kwanza ng'oa kurasa zenye majina ya watoto na namba za simu. Hati ya shamba, vyeti na kadi za kliniki zikae faili moja, mahali watu wawili wanapajua. Mwenye biashara asichome rekodi zake kabla ya miaka 5. Sheria ya kodi inataka ziwepo.

Fundi, Kaptembwa, Nakuru

Wale wanaopita na kipaza sauti wakinunua simu na kompyuta mbovu, wauzieni, ila toeni laini na kadi ya kumbukumbu. Simu ikiwa bado inawaka, futa kila kitu. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiitupe kwenye moto wa taka, inaweza kulipuka. Nyaya pia msichome kutafuta shaba. Moshi ule una sumu, na watoto ndio huwa karibu nao.

Binti, Bungoma

Mama yetu alipofariki, shangazi zangu walikaa nasi baada ya mazishi tukagawana nguo zake, kila leso ikapata mwenyewe. Hilo halikuniumiza sana kwa sababu tulikuwa wengi. Kilichonishinda ni vitambaa vya kochi alivyofuma kwa mkono wake, vyeupe, pembeni vina maua ya samawati. Gunia zima. Kuvitandika vyote siwezi, kuwapa watu wasiomjua siwezi.

Mwishowe nilivifua, nikavianika uani, nikawaita ndugu zangu kila mmoja achague vyake. Vilivyoliwa na panya tulivichoma tukiwa pamoja, dada yetu mkubwa akaomba. Mimi nina kimoja juu ya redio, na gorogoro lake la kupimia maharagwe, ambalo nalitumia.

Wadau, vitu vya marehemu msianze navyo. Maliza jikoni, maliza karatasi, ukishazoea kuamua ndipo ufungue lile sanduku. Na usilifungue peke yako.

Nyanya, Vihiga

Naandikiwa na mjukuu wangu. Wanangu, nimesomewa yote na hakuna aliyetaja mahali mnapopeleka vitu vingi: kwetu kijijini. Tangu matangazo ya analogia yazimwe 2015, kila anayenunua runinga bapa ananiletea ile yake ya mgongo. Stoo ya mahindi ina kochi lisilo na springi, na panya wamezalia humo. Aliyelileta nampenda, siwezi kumwambia arudi nalo. Lakini kitu kilichoharibika Kisumu hakiponi kikifika Vihiga.

Pigeni simu kwanza, muulize. Mimi nahitaji mablanketi, mitungi ya lita 20 isiyovuja, na sufuria kubwa, maana msiba ukitokea hapa tunazunguka kwa majirani tukiazima. Makochi hapana.

Mama wa Section 58, Nakuru

Asante mama kwa kutuambia wazi. Ninayo sufuria kubwa niliyonunua kwa sherehe ya mwanangu, tangu siku hiyo haijaona moto, na blanketi mbili nzito. Kuna mtu humu anayesafiri kuelekea Vihiga mwisho wa mwezi? Mjukuu aniandikie steji ya kushukia, na mama aseme kama tarehe hiyo inamfaa.