Wamechimba chini ya msingi wangu, halafu wananiambia "udongo huu ni mgumu"

Wakuu, nimechoka na hawa watu.

Jirani anajenga ghorofa lenye maegesho ya chini. Shimo liko hatua tatu kutoka chumba wanacholala wanangu, na limeshapita msingi wangu kwa kimo cha mtu mzima. Kingo zimesimama wima, hazina hata ubao mmoja wa kuzuia udongo. Nikamfuata msimamizi. Akanijibu, "Usiwe na wasiwasi, udongo huu ni mgumu."

Mgumu kwa sababu ni mkavu! Ukilowa je? Uzito wa nyumba haushuki wima tu, unatawanyika pembeni kadiri unavyokwenda chini. Udongo wa pembeni ndio unaoubana ule uliobeba msingi. Wameuzoa wote.

Na kifusi wamekirundika wapi? Ukingoni, upande wangu! Mita moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu hadi mbili. Shanghai, Juni 2009, jengo zima la ghorofa 13 lilianguka ubavu: upande mmoja walichimba maegesho ya kina cha mita 4.6, upande wa pili wakalundika udongo karibu mita 10. Mfanyakazi mmoja alikufa.

Kushuka chini ya msingi wa jirani kunawezekana, sikatai. Unakinga kingo kwanza, kwa mabamba ya chuma au nguzo za zege. Au unauongezea msingi wa jirani kina kwa vipande vifupi, mita moja hivi, kwa kurukaruka: unachimba kimoja, unamwaga zege, likishika ndipo unafungua kingine. Hawa wamefungua urefu wote wa ukuta kwa siku mbili. Hakuna aliyekuja kupiga picha nyumba yangu kabla ya kuanza, kwa hiyo sasa wanasema nyufa ni za zamani.

Za zamani! Juzi nilibandika kipande cha kioo juu ya ufa unaotoka kona ya dirisha, nikakishika kwa plasta pande zote mbili. Leo asubuhi kimekatika katikati. Mlango wa nyuma haufungi tena. Na pampu yao inatoa maji ya matope tangu jana. Ule udongo laini unatoka chini ya nani?

Wanangu nimewahamisha. Wahandisi mliomo humu, niambieni: nidai warudishe udongo kwenye ukuta leo hii, au waegemeze mihimili kwanza? Mawingu yameshatanda.