Ulinganisho: TrueNAS ndani ya mashine pepe, OpenMediaVault, au ZFS ya Proxmox yenyewe kwa seva ya nyumbani?

StudioSinza

Wakuu, habari za jioni. Nina studio ndogo ya video hapa Sinza, na kazi zangu nyingi ni harusi na sendofu, kwa hiyo mafaili ni mazito na wateja huyarudia hata baada ya mwaka. Nimenunua Kariakoo kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye RAM ya GB 32, diski nne za TB 4 zilizochomekwa kwenye SATA za ubao mama, na diski ndogo ya NVMe ambayo nimeiwekea Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kubuni ndani ya kompyuta moja). Tayari inaendesha mashine pepe nyingine za kazi, hivyo siwezi kuitenga kompyuta nzima kwa ajili ya hifadhi peke yake. Naomba mnilinganishie njia tatu: TrueNAS (mfumo wa seva ya hifadhi) ndani ya mashine pepe, OpenMediaVault (mfumo mwingine wa aina hiyo) ndani ya mashine pepe, au kuiacha Proxmox ishike diski zote kwa ZFS (mfumo wa kupanga na kulinda mafaili kwenye diski) kisha nigawe mafaili kwa Samba (programu ya kugawa mafaili kwenye mtandao).

Kigamboni_Mtandao

Karibu, mkuu. Kabla ya kulinganisha majina ya programu, amua kwanza ni nani atakayezishika diski, kwa sababu majibu mengine yote yanatokana na hapo. ZFS, ambayo ndiyo msingi wa TrueNAS, imeundwa ikitarajia kuziona diski zenyewe: isome hali yao ya afya, ijue data imefika kweli kwenye diski, na iweze kurekebisha kipande kilichoharibika kwa kutumia nakala iliyo kwenye diski nyingine. Ukiipa diski za kubuni zilizotengenezwa na Proxmox juu ya ZFS nyingine, utakuwa na ZFS juu ya ZFS, uandishi utaongezeka maradufu bila faida, na TrueNAS haitaona taarifa za SMART (ripoti ya diski kuhusu afya yake) hata diski ikiwa inakaribia kufa.

Kwa hiyo ukichagua TrueNAS, ikabidhi kontrola nzima (kifaa kinachoziunganisha diski na kompyuta), si diski mojamoja. Wengi hutumia kadi kama LSI 9211-8i iliyowekewa programu dhibiti (firmware) ya IT, ambayo huzipitisha diski bila kuzigeuza RAID (kundi linaloonekana kama diski moja). Lakini wewe una bahati, maana Proxmox yako inawaka kutoka NVMe. Huenda ukaweza kuikabidhi kontrola ya SATA iliyomo kwenye ubao mama bila kununua chochote. Washa VT-d (uwezo wa kukabidhi kifaa kwa mashine pepe) kwenye BIOS, au AMD-Vi kama prosesa ni ya AMD, kisha angalia kundi la IOMMU (vifaa ambavyo hukabidhiwa kwa pamoja) ambamo kontrola hiyo imewekwa. Ikiwa peke yake, uko salama. Ikiwa imechanganywa na kadi ya mtandao au USB, njia hiyo achana nayo.

Neema_Upanga

Nakubaliana na ndugu wa Kigamboni kuhusu diski, ila nadhani tunamwelekeza mwenzetu kwenye njia ndefu. Proxmox ina ZFS ndani yake tayari, na kazi ya kugawa mafaili kwa Windows inaweza kufanywa na kontena dogo la LXC (jepesi kuliko mashine pepe, maana hutumia kerneli ya Proxmox) lenye Samba, ambalo halihitaji hata GB 1 ya RAM kwa ofisi ya watu wachache. TrueNAS inataka angalau GB 8, na mashine pepe iliyokabidhiwa kadi huhodhi RAM yake yote tangu inapowashwa, kwa hiyo hesabu ya kuazimana kumbukumbu kati ya mashine haipo tena. Kwa GB 32 zinazogawanywa na kazi nyingine, hilo si jambo dogo.

Ugumu wa njia yangu uko kwenye ruhusa. Kontena lisilo na mamlaka kamili huhamisha namba za watumiaji: mtumiaji 0 wa ndani ni 100000 kwa Proxmox, kwa hiyo folda uliyoichomeka kutoka nje inaweza kuonekana haina mwenyewe hadi urekebishe umiliki wake. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, ingawa ni kazi ya jioni moja tu. Pia NFS ya kerneli (njia nyingine ya kugawa mafaili) haikubali kufanya kazi ndani ya kontena la aina hiyo; kama unahitaji Samba pekee, hilo halikuhusu.

Tegeta_Maunzi

Naona OpenMediaVault imesahauliwa. Hiyo imejengwa juu ya Debian, ni nyepesi, na kwa mtu asiyependa kuandika amri ina ukurasa mzuri wa usimamizi. Ipe ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux) juu ya diski ya kubuni iliyomo kwenye ZFS ya Proxmox, na ulinzi wa data utafanywa na Proxmox chini yake. Inafanya kazi. Shida ni kwamba mafaili yako yatakuwa yamefungiwa ndani ya diski kubwa moja ya kubuni, na siku kompyuta ikifa utahitaji Linux nyingine yenye ZFS, kisha uifungue diski hiyo ya kubuni, ndipo uyafikie, ilhali diski zilizokabidhiwa TrueNAS unaweza kuzichomeka kwenye mashine yoyote yenye toleo la ZFS linalolingana, ukaagiza ziingizwe, na kila kitu kikarudi.

Kwa anayenunua kadi ya LSI: kadi hizo ziliundwa kwa ajili ya seva zenye upepo mkali, na kwa joto letu la Januari zisipowekewa feni ndogo zitakuunguza kidole.

StudioSinza

Nashukuru sana, mkuu wa Tegeta, na dada Neema pia. Nina swali kuhusu umeme. Ukikatika ghafla, ni njia ipi itakayoumia zaidi?

Kigamboni_Mtandao

ZFS yenyewe haiandiki juu ya data ya zamani, kwa hiyo ni nadra hifadhi kuharibika kwa sababu ya kukatika tu. Kinachopotea ni kile kilichokuwa bado hakijafika kwenye diski. Kinachohitaji mpangilio ni kuzima kwa utaratibu. Chomeka waya wa USB wa UPS kwenye Proxmox yenyewe, si kwenye mashine pepe, kisha utumie NUT (programu inayofuatilia UPS) ili betri ikikaribia kwisha Proxmox izizime zote. Mashine ya hifadhi iwe ya kwanza kuwaka, na kwa kuwa Proxmox huzima kwa mpangilio wa kinyume, itakuwa ya mwisho kuzimwa. Kila mashine pepe hupewa sekunde 180 kwa kawaida kabla ya kukatwa kwa nguvu, hivyo pima kama UPS yako inaweza kuhimili muda huo wote.

Usiziweke diski za mashine nyingine kwenye hifadhi ya TrueNAS iliyo ndani ya kompyuta hiyohiyo. Proxmox itaanza kuzitafuta kabla TrueNAS haijaamka.

Neema_Upanga

Tena nakala rudufu za Proxmox hazitagusa diski zilizo chini ya kontrola uliyoikabidhi, na folda zilizochomekwa kwenye kontena nazo hazichukuliwi. Vyovyote utakavyochagua, video za wateja zinahitaji nakala nyingine nje ya kompyuta hiyo.

StudioSinza

Nimeangalia. Kontrola ya SATA iko peke yake kwenye kundi lake, na VT-d ipo. Nitaipa TrueNAS GB 12 na niendelee. Isipotosha nitahamia kwenye kontena la dada Neema, kwa sababu diski zitakuwa na ZFS vilevile na Proxmox inaweza kuziingiza.

Tegeta_Maunzi

Sawa kabisa. Ila kabla ya kuwasha TrueNAS, hakikisha Proxmox imezuiwa kuigusa kontrola hiyo tangu mwanzo: andika namba yake kwenye mpangilio wa vfio-pci (dereva inayokitenga kifaa kwa ajili ya mashine pepe), uagize vfio-pci ipakiwe kabla ya ahci (dereva ya kawaida ya SATA), kisha uandae upya initramfs (mafaili ambayo Linux hupakia mwanzoni inapowaka). NVMe yako haitaathirika, maana haitumii ahci. Ukiruka hatua hiyo, Proxmox inaweza kuingiza hifadhi hiyohiyo ambayo TrueNAS nayo inaitaka, na ZFS haikuundwa kuandikwa na mifumo miwili kwa wakati mmoja.