Ushauri: nipige marufuku kukosoa hadithi za wenzetu kwenye grupu la anime?

Habari zenu wakuu. Nasimamia grupu la Telegram la wapenzi wa anime, zile katuni za Kijapani. Wapo wanaochukua wahusika wale wale na kuwaandikia hadithi mpya kwa Kiswahili, sura baada ya sura, bure kabisa. Binti mmoja alikuwa anashusha kitu kitamu: ninja kakimbilia Tanga, anajificha kwa mama muuza mihogo. Juzi mwanachama mwingine akapiga skrinshoti aya zake, akazimwaga grupuni na kuzichambua mstari kwa mstari. "Jamaa kachomwa upanga ubavuni usiku, asubuhi anaogelea Raskazone. Maji ya chumvi hayamwashi?" Watu walivunjika mbavu. Binti kafuta sura zote, kaleft.

Sasa kuna wanaotaka iwe mwiko kukosoa bila kuombwa, na kuna wanaosema tukibaki kusifiana tutaishia na takataka. Nifanyeje?

MpendaRiwaya: Dada, piga marufuku. Wenzetu wamelumbana jambo hili miaka mingi. Pale AO3, maktaba ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa kwa umma 2009, kuna kitufe cha pongezi, unabonyeza unapita. Mwandishi anaweza pia kuzuia maoni mpaka ayapitishe mwenyewe. Desturi iliyozoeleka kwa wengi huko ni kwamba kama hadithi hujaipenda, funga, nenda kwingine. Na bado maktaba hiyo ilipata tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi na za njozi, mwaka 2019. Sijaona huo uoza mnaoutabiri.

Babu_wa_Kisimani: Hizo ni desturi za huko. Sisi pwani tumekulia kwenye kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitupiana mashairi na watu wa Lamu, tena makali. Hata kwenye magazeti, ukitoa shairi leo ujue kuna mtu anakuandalia jibu kwa vina vyako mwenyewe. Anayeogopa kujibiwa akae na daftari lake.

MpendaRiwaya: Babu shikamoo, lakini Muyaka aliingia ulingoni akijua ni ulingo. Na aliyemjibu ilibidi naye atunge. Huyu mkosoaji katunga nini?

Ngariba255: Mnapoteza muda. Wahusika wa kuazima, dunia ya kuazima, ubunifu uko wapi? Abuni wake kwanza ndio tumkosoe.

Somo_Zuhura: Ngariba, watunzi wa Pate na Lamu walichukua visa vya vita vya Mtume kutoka masimulizi ya Kiarabu wakavitia kwenye tenzi. Nao hawakubuni? Huko Japani kwenyewe, soko la Comiket la majarida ya mashabiki lipo tangu 1975, na CLAMP, kundi la wachora katuni, walianzia kwenye majarida hayo hayo kabla ya kuwa wachoraji wakubwa. Ninja wa kula mihogo Tanga hayumo kwenye anime yoyote. Huyo ni wa binti.

Kisu_Butu: Mimi ndiye niliyechambua. Hoja ya jeraha naisimamia. Nilisoma sura zote, wakati hao wanaotupia vimoto na makopakopa wengine hata hawajui mama muuza mihogo anaitwa nani. Nani kamheshimu zaidi?

Mwenye uzi: Kusoma ulisoma, sikatai. Ila kwa nini hukumfuata inbox?

Kisu_Butu: Ningemfuata inbox mngesema namsumbua mtoto wa watu.

Somo_Zuhura: Hapo ana hoja, wasichana wanasumbuliwa sana inbox. Lakini skrinshoti ulizibandika ili watu wacheke, na walicheka. Ungemjibu pale pale chini ya sura yake, ukamuuliza jeraha limeponaje, pengine angekujibu kwa sura nzima ya mganga.

Mwenye uzi: Nimewapata. Nafikiria hivi: kila anayeshusha sura aandike juu kabisa kama anataka kukosolewa au anashea tu. Asipoandika, asikosolewe. Skrinshoti za kuchekana, unaondolewa. Kubishana kuhusu anime zenyewe kama kawaida, waliozitengeneza wamelipwa, watavumilia.

Babu_wa_Kisimani: Marahaba kwa aliyeniamkia. Mwenye uzi, utaona wote wanaandika "nashea tu".

Mwenye uzi: Tutajaribu mwezi huu, Babu. Kisu Butu, wewe unaandika? Shusha sura yako ya kwanza.

Kisu_Butu: Nashusha Ijumaa. Wekeni "kosoeni".