Programu ya maduka ya dawa: wapya wanaingia, wa zamani wanatoka. Tutafute mwekezaji?

Mwanzilishi wa Mwanza

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Mimi na mwenzangu tuna programu ya kutunza hesabu za mauzo na mzigo katika maduka ya dawa hapa Mwanza. Kwa sasa maduka 40 yanatulipa shilingi 20,000 kila mwezi. Kijana wetu wa mauzo huleta maduka 5 mapya kwa mwezi, lakini 4 huacha kutumia, kwa hiyo tunasogea kwa duka moja tu. Amejitokeza mtu aliye tayari kutupa mtaji kwa asilimia 30 ya hisa, nao ungetuwezesha kuajiri vijana wengine watatu wa mauzo. Wakati huohuo hospitali moja binafsi inataka tuitengenezee mfumo wake peke yake kwa malipo ya mara moja. Tushike lipi?

Fundi wa Mifumo

Ndugu yangu, kabla hujashika lolote, kaa kwanza na hesabu hiyo uliyoitaja. Maduka 4 kati ya 40 ni asilimia 10 kwa mwezi, maana yake duka la kawaida hukaa nanyi miezi 10 hivi na kuwaachia shilingi 200,000, ambazo bado hamjatoa nauli, kamisheni ya kijana na gharama ya seva. Tena, wanaotoka huongezeka kadiri waliopo wanavyoongezeka: mkifika maduka 50 mtapoteza 5 kila mwezi, sawasawa na mnayoyapata, na hapo mtasimama hata kijana akishinda barabarani. Vijana wanne wakileta maduka 20 kwa mwezi, mtasimama kwenye 200. Mtakuwa mmetoa karibu theluthi ya kampuni ili mkwame vilevile, ila mbele zaidi.

Mimi niliuza programu ya ada kwa shule binafsi, na kosa lililonigharimu sana ni kwamba sikuwahi kurudi kwa shule zilizoniacha. Nenda kwa wote walioondoka ndani ya miezi sita, uende mwenyewe, kwa sababu mwenye duka humwambia mwenye kampuni neno ambalo hamwambii kijana wake. Usimuulize kwa nini aliacha, maana atakujibu kwamba ni bei. Mwombe akuoneshe jinsi alivyoandika mauzo ya jana, kisha nyamaza utazame. Patrick na John Collison walipokuwa wanaanza Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, mtu akikubali kuijaribu hawakumwahidi kumtumia maelekezo baadaye. Waliomba kompyuta yake na kumwekea palepale.

Mshauri wa Hesabu

Naunga mkono hayo, nami niongeze kuhusu hospitali. Kazi hiyo inaweza kuwalipia mishahara ya miezi kadhaa bila kugusa hisa, kwa hiyo msiidharau, ila mkataba useme wazi kwamba msimbo wa programu unabaki mali yenu, kwamba matengenezo yanalipiwa kando, na kwamba kila ombi jipya lina bei yake. Bila hivyo mtajikuta waajiriwa wa hospitali moja huku maduka 40 yakikosa mtu wa kupokea simu zao. Kumbukeni pia kwamba taarifa za afya za wagonjwa ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo jisajilini kwa Tume husika kabla ya kupokea jina la mgonjwa hata mmoja.

Mwanzilishi wa Mwanza

Nawashukuru sana. Nimerudi baada ya wiki tatu. Nimetembelea maduka 11 yaliyotuacha, na katika 8 nimekuta jambo lilelile: dawa hazikumaliza kuingizwa kwenye programu. Muuzaji aliingiza kiasi akachoka, halafu akauza dawa ambazo programu haikuzijua, hesabu ya jioni ikakataa, na mwenye duka akaona afadhali arudi kwenye daftari lake. Katika maduka matatu yaliyobaki, wenye mali wanaishi mbali na walitaka kuona mauzo ya kila siku kwenye simu. Huduma hiyo tunayo tangu mwanzo, ila hakuna aliyewaambia, na hilo limeniuma sana.

Tumemsimamisha kijana kutafuta maduka mapya kwa muda. Tumeandaa orodha ya dawa zinazouzwa sana ili muuzaji ajaze idadi, bei na tarehe ya mwisho wa matumizi tu, na kila duka jipya tunakaa nalo usiku mmoja au miwili, baada ya kufunga, mpaka rafu ya mwisho iingie. Mawili kati ya yale 8 yamekubali kuanza upya kwa utaratibu huo. Mwekezaji tumemwomba atupe miezi mitatu, na hospitali tumeiandikia masharti yetu, bado haijajibu.