Mlezi wa mgonjwa halali usiku, mlipeni!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Namhudumia mzee aliyepata kiharusi, huku Mbezi Beach. Upande wa kulia wote hauna nguvu. Ana mpira wa mkojo, na kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe, la sivyo mgongo na nyonga vinachimbika vidonda. Usiku na mchana. Mzee ana kilo zaidi ya 80, namgeuza peke yangu, nabadilisha pampasi, natandika shuka upya. Nikijinyoosha kidogo, alamu imeshalia.

Juzi nikamgusia binti yake malipo ya usiku. Akanijibu, "Dada, kwani usiku si unalala?"

Nalala saa ngapi? Godoro langu liko sakafuni pembeni ya kitanda cha mgonjwa, mzee akikohoa tu nimeshasimama. Miezi 14 baba yao hana kidonda hata kimoja! Wanadhani ni bahati?

Kazi niliipata kwa wakala. Familia inamlipa 450,000 kwa mwezi, mkononi mwangu inafika 230,000. Tulikubaliana mgonjwa tu. Wakaanza na nguo za mzee, sikukataa. Sasa nafua za nyumba nzima, napika, na wajukuu wakitoka shule wananidai chai. Nikiwa jikoni mzee akapaliwa na uji, ataulizwa nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa. Mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo. Mimi Jumapili nafika Mbagala kwa wanangu, hata sijakaa, simu inaita: unarudi saa ngapi? Mkataba wa maandishi, wakala kila siku ananiambia unakuja.

Mzee simlaumu, Mungu shahidi. Ananishika kwa ule mkono wake mzima nisiondoke, na wanae wanajua kabisa kwamba hapo nimekwama.

Waliowahi kufika CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, bila mkataba wa maandishi, nielekezeni: nianze na wakala au na familia? Miamala ya mshahara ninayo kwenye simu, na ninalo daftari nilipoandika kila saa niliyomgeuza.