Gari limevunjwa likiwa gereji Nakuru, mwenye gereji anasema si shauri lake. Nani alipe?

SolaNjoro (mwenye uzi)

Habari za jioni wana jukwaa. Naomba ushauri kwa wanaoijua sheria au waliopitia haya.

Nilipeleka Fielder yangu gereji moja hapa Nakuru, upande wa Industrial Area, giaboksi ilikuwa inasita. Mwenyewe akasema lazima ishuke, gari lilale hapo hadi spea ipatikane. Nikamwachia ufunguo, akautundika kwenye msumari ofisini pamoja na funguo nyingine, nikatuma nusu ya pesa kwa M-Pesa.

Asubuhi moja napigiwa simu niende haraka. Kioo cha mlango wa nyuma kimevunjwa, redio hakuna, betri hakuna, buti imesafishwa. Kazi yangu ni kufunga sola, na kwenye buti kulikuwa na drili na mita. Hesabu yangu: redio 18,000, kioo 6,500, betri 9,500, vifaa 23,000. Jumla Sh57,000. Magari mengine yaliyolala hapo hayakuguswa hata moja.

Mwenye gereji ananionyesha kibao ukutani: "Magari yanaegeshwa kwa hasara ya mwenyewe." Soja anasema mvua ilikuwa kubwa, akajikinga kwenye kibanda cha geti, hakusikia kitu. Na juu ya hayo wanataka nimalize pesa ya giaboksi ndipo gari litoke. Bima yangu ni thadi pati. Je, kibao kile kinamkinga? Nianzie wapi?

Kipusa_Lanet

Pole sana. Lakini hapo umeliwa, kibao ni kibao. Mimi nilivunjiwa gari kwenye maegesho ya harusi, kulikuwa na kibao kama hicho, sikuona hata shilingi.

MzeeWaKorti

Kipusa, maegesho ya harusi na gereji havifanani. Ukiegesha uwanjani ukaondoka na ufunguo mfukoni, umepewa nafasi ya kusimamisha gari, basi. Huyu ndugu alikabidhi gari na ufunguo, kwa kazi ya malipo. Kwa sheria tuliyorithi kwa Waingereza, ambayo korti zetu bado zinaifuata, mwenye gereji ameshika amana ya mtu. Anatakiwa aitunze kama mtu makini wa kazi hiyo angeitunza.

Haimaanishi kwamba analipa kila kinachoibwa. Majambazi wakija na bunduki wakamfunga soja kamba, ana la kujitetea. Ila mali ikipotea mikononi mwake, ni juu yake kueleza alichukua hadhari gani. Wewe huna mzigo wa kuthibitisha uzembe wake, wala huna haja ya kumkamata mwizi kwanza, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa bure. "Mvua ilikuwa kubwa" si maelezo ya soja aliyeajiriwa kulinda usiku.

Kuhusu kibao, korti itauliza kilikuwa wapi na kama ulikiona kabla ya kukubaliana kazi. Ulichoonyeshwa baada ya wizi hakikufungi. Na hata kama ulikiona, maneno ya jumla namna hiyo husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inataka huduma iwe ya kiwango kinachokubalika, na sharti linalojaribu kufuta hilo ni batili.

Vifaa vya kazi ndivyo vitakavyokusumbua. Redio na betri ni sehemu ya gari alilopokea. Drili haikuwa sehemu ya gari. Alijua imo?

SpanaKumi

Mimi ni makanika, miaka mingi, kwa hivyo nitasema ya upande wetu pia. Kuna wateja wanaacha gari kama stoo: laptopu, viatu vya mtoto, gunia la viazi. Halafu kukipotea kitu, fundi ndiye mwizi. Kwangu gari haliingii kabla sijaandika karatasi: mafuta yamefika wapi, redio ipo, spea tairi ipo, jeki ipo, kioo gani kina ufa. Mteja anasaini, napiga picha. Kama hiyo gereji haikufanya hivyo, imejifunga yenyewe.

Sasa, SolaNjoro, kabla hujaenda popote nijibu haya. Waya za betri zimekatwa ama zimefunguliwa na spana namba kumi? Redio, waya zimeng'olewa ama soketi imechomolewa vizuri? Na vipande vya kioo, vingi viko kwa kiti ama viko chini nje ya gari?

SolaNjoro

Eh, nimerudi kuangalia. Vichwa vya betri vimefunguliwa, nati moja iliwekwa kando juu ya fremu ya taa, kama mtu aliyekuwa hana haraka. Soketi ya redio nzima, inaning'inia. Vioo vingi viko chini, nje. Kwa kiti kuna punje chache tu.

MzeeWaKorti, kuhusu drili: kijana aliyepokea gari alifungua buti akitafuta jeki, akaona drili na mita. Nikamuuliza niziondoe? Akasema, "Acha tu, hapa hakuna mtu hugusa." Mke wangu alikuwepo.

SpanaKumi

Sitasema ninachofikiria, lakini mwizi wa usiku aliyeruka ukuta hukata waya na plaiasi akimbie. Na kioo kikipigwa kutoka nje, vipande vingi huanguka ndani. Chako kinaonekana kimepigwa mlango ukiwa wazi, ama kutoka ndani. Usiruhusu mtu afagie hapo! Piga picha hiyo nati ikiwa palepale.

MzeeWaKorti

Hayo aliyoyaona Spana ni ya maana sana, ila usimtaje mtu kwa jina, hapa wala pale gereji. Ukimwita kijana wa watu mwizi bila ushahidi, utageuka wewe mshtakiwa. Nenda kituo cha polisi, andikisha, upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio), uombe wapelelezi waje waone gari kabla halijaguswa. Baadaye chukua abstrakti, ile hati ya polisi inayoonyesha uliripoti.

Kwa dai lako, ikiwa mfanyakazi ndiye aliyeiba, mwenye gereji hajiokoi. Aliyepewa amana akamkabidhi mfanyakazi wake aishughulikie, hujibu wizi wa mfanyakazi huyo. Kwa hiyo awe ni wa nje au wa ndani, bado mlango unaogongwa ni uleule. Na maneno ya yule kijana kuhusu buti yanakupa nguvu kwenye drili. Mkeo ayaandike angali anayakumbuka.

Mama_Bima

Nauza bima, acha niwasaidie kidogo. Thadi pati haigusi hasara yako, hiyo ni ya watu wengine utakaowaumiza barabarani. Hata mwenye komprehensivu, ile bima inayogusa na gari lako, asifurahi mapema: redio mara nyingi ina kikomo chake kwenye mkataba, na vitu vya kibinafsi kama drili kwa kawaida havimo. Muulize mwenye gereji kwa maandishi kama ana bima ya magari ya wateja. Zipo, ingawa gereji nyingi za mtaani hazina. Akiwa nayo, yeye ndiye wa kuwaarifu, na huwa hawapendi kuarifiwa kwa kuchelewa.

JamaaWaKondele

Huku Kisumu sisi tulimaliza bila korti. Fundi wetu alikuwa kwa chama cha jua kali, tukaenda kwa mwenyekiti, tukakaa kwa benchi, akakubali kulipa polepole na kunifanyia sevisi bila pesa ya kazi. Nilipata karibu yote. Lakini huyo alikuwa na uso wa kuona haya. Halafu pitia kwa wauza redio kuukuu, yako inaweza kuwa kwa meza tayari, unainunua elfu tano unaenda zako.

MzeeWaKorti

Mwenyekiti, ndiyo, jaribu. Kununua redio yako, hapana! Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kushika mali ya wizi, kifungo hadi miaka 14, na utampa mwizi njia ya kutoka. Ukiiona, piga picha, ita polisi.

Kuhusu pesa ya giaboksi: fundi aliyemaliza kazi ana haki ya kushikilia gari hadi alipwe, hilo tusidanganyane. Lipa kazi iliyofanyika, kwa M-Pesa, na umtumie ujumbe kwamba unalipa ili gari litoke na dai lako la hasara bado lipo. Usilitelekeze hapo kwa hasira; kuna sheria inayomruhusu fundi, baada ya muda na notisi, kuuza mali isiyochukuliwa.

Kisha andika barua ya madai: tarehe uliyokabidhi gari, kilichopotea, bei na risiti, siku za kujibu. Akikaa kimya, Mahakama ya Madai Madogo iko hapa hapa Nakuru. Inasikiliza madai hadi Sh1,000,000, sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Wakili wa Sh57,000 atakula zaidi ya redio.

Kipusa_Lanet

Kumbe! Na ile harusi yangu?

MzeeWaKorti

Ufunguo ulikuwa na nani?

Kipusa_Lanet

Kwa mkoba wangu. Sawa, nimenyamaza.

SolaNjoro

Nimerudi na habari. OB ninayo, polisi walikuja wakapiga picha, na yule kijana hajaonekana kazini tangu siku hiyo. Barua nilimpelekea mwenye gereji mkononi, akasaini nakala. Jana amenipigia kwa sauti ya upole ambayo sikuizoea. Anasema ataweka kioo na betri, na atakata 10,000 kwenye pesa ya giaboksi. Drili hataki kuisikia. Ila ameandaa karatasi nisaini kwamba "sina dai lingine lolote." Nichukue?

MzeeWaKorti

Kioo, betri na hiyo elfu kumi ni Sh26,000. Bado Sh31,000. Ukisaini maneno hayo, umezisamehe. Mwambie uko tayari kuandika kwamba umepokea kioo, betri na punguzo hilo kama sehemu ya malipo, na salio la redio na vifaa lingali linadaiwa. Akikataa, usisaini, lipa giaboksi yote kama tulivyosema, toa gari, dai zima liende kortini. Ukitaka kumpunguzia kitu kwa sababu ya amani, hiyo ni hiari yako, lakini taja kiasi kwa tarakimu.

SpanaKumi

Drili ya kazi ni mkono wa mtu, mimi nisingeiacha. Na siku ya kutoa gari usiende jioni. Nenda asubuhi, liendeshwe ukiwa ndani, angalia mafuta ya giaboksi kabla hujatoka geti. Watu wakishakosana, kazi nayo huharibika.

SolaNjoro

Asanteni sana. Karatasi yake nimemrudishia, nimempa yangu yenye salio. Ameomba hadi Ijumaa afikirie.